Maswali ya Wasomaji: Pesa Iliyokwisha Kuingia Inapokatwa Tena

Maswali ya safari hii yote yanahusu chajibaki, yaani pale mwenye kadi anapoiambia benki yake kwamba hayatambui au hayakubali malipo fulani, na benki ikayarudisha kutoka kwa muuzaji. Majibu yanafuata kanuni za kawaida za mitandao ya kadi. Mkataba wako na kampuni ya malipo ukisema vingine kuhusu ada, akiba au siku za kujibu, mkataba huo ndio unaokubana.

Swali: Malipo yangu ya wiki hii yamepungua kwa 61,500. Nimeambiwa ni chajibaki ya mauzo ya miezi miwili iliyopita, yaliyokuwa ya 60,000. Hakuna aliyeniuliza lolote. Wanaruhusiwa kunikata kabla ya kunisikiliza?

Wanaruhusiwa, na karibu kila mkataba wa kupokea kadi unasema hivyo. Mnunuzi akipinga, benki iliyotoa kadi yake huichukua pesa kutoka benki ya muuzaji kwa kupitia mtandao wa kadi, mathalani Visa au Mastercard. Benki ya muuzaji nayo huikata kampuni ya malipo, na kampuni ya malipo inakukata wewe. Hatua hizi huendeshwa na mashine, na hakuna hata moja inayosubiri maelezo yako. Makato hutangulia, hoja hufuata. Ukishinda, pesa hurudi kama mstari mpya kwenye taarifa ya malipo ya wakati huo. Ile taarifa ya zamani haiguswi.

Kuhusu miezi miwili: muda wa mwenye kadi kupinga kwa sababu nyingi ni siku 120. Ila siku hizo hazihesabiwi kila mara kuanzia siku ya malipo. Kama lalamiko ni bidhaa au huduma kutofika, hesabu huanza siku ambayo ilitarajiwa kufika. Ndiyo maana tiketi iliyouzwa mwezi wa kwanza kwa tamasha la mwezi wa tisa inaweza kupingwa mwezi wa kumi na mbili. Kwa Visa kuna ukomo wa nje wa siku 540 tangu muamala. Anayeuza vitu vya kutolewa baadaye asiichukulie pesa iliyoingia benki kuwa imetulia. Ina deni juu yake mpaka huduma itolewe na siku za kupinga zipite.

Sasa tuiangalie taarifa yenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme mauzo ya wiki ni 480,000. Ada ya kuchakata ya asilimia 3 ni 14,400. Kuna rejesho moja la hiari la 20,000, chajibaki ya 60,000, ada ya chajibaki 1,500, na asilimia 5 ya mauzo, yaani 24,000, imezuiwa kama akiba ya dhamana. Kinachoingia benki ni 360,100. Ukiilinganisha 360,100 na ankara za wiki hiyo, hazitalingana hata ukihesabu mpaka asubuhi, kwa sababu 60,000 ni ya mauzo ya wiki nyingine kabisa. Pakua ripoti ya miamala yenye mstari mmoja kwa kila tukio, si muhtasari wa malipo, kisha uutafute mstari wa chajibaki kwa nambari ya muamala wa awali. Hapo ndipo utaona umekatwa kwa ajili ya nani.

Na hasara yako halisi si 60,000 tupu. Siku ya mauzo ulipokea 58,200 baada ya ada ya asilimia 3. Leo umetolewa 61,500. Tofauti ya 3,300 ni ada mbili: ile ya kuchakata, ambayo kwa kawaida hairudi, na ile ya chajibaki. Juu yake weka gharama ya bidhaa iliyokwisha kuondoka.

Swali: Nikishinda, ile ada ya chajibaki narudishiwa?

Inategemea kampuni. Nyingi hazirudishi, kwa maelezo kwamba ada ni ya kazi ya kushughulikia kesi, si adhabu ya kushindwa. Baadhi hurudisha, na nyingine hutoza ada ya pili ukiamua kupinga. Kabla ya kupigania muamala mdogo, weka kiasi cha muamala upande mmoja na ada zote mbili upande wa pili. Kuna kesi ambazo kushinda kwake ni hasara.

Swali: Mteja alilalamika, nikamrudishia pesa yote Jumanne. Alhamisi nikakatwa tena kiasi kilekile kama chajibaki. Nimelipa mara mbili?

Kwa sasa, ndiyo. Rejesho na chajibaki ni njia mbili zisizojuana. Rejesho linaanzia kwako na huchukua siku 5 hadi 10 za kazi kuonekana kwenye kadi. Chajibaki inaanzia benki ya mnunuzi. Mteja akisharudishiwa Jumanne, Jumatano haoni kitu, anapiga simu benki, Alhamisi unakatwa.

Kwa kuwa rejesho lako lilitangulia, kesi hii ni rahisi kuishinda kuliko nyingi. Kinachohitajika ni nambari ya kumbukumbu ya rejesho, ile ndefu ya tarakimu 23 ambayo benki zote mbili zinaweza kuifuatilia, pamoja na tarehe na kiasi. Kampuni ya malipo inayo. Kama haionekani kwenye ukurasa wa muamala, waombe. Iwasilishe kama ushahidi kwamba mnunuzi amekwisha kulipwa. Picha ya skrini inayosema tu kwamba rejesho limekamilika ni dhaifu, kwa sababu benki ya mnunuzi haiwezi kuitumia kuitafuta pesa upande wake.

Hatari kubwa ni mpangilio wa kinyume: chajibaki imefunguliwa, muuzaji kwa huruma au kwa hofu anabonyeza rejesho. Usifanye hivyo kamwe. Chajibaki yenyewe imekwisha kumrudishia mnunuzi pesa. Mifumo mingi huzuia kitufe cha rejesho kesi ikiwa wazi, lakini haizuii mtu kutuma pesa kwa njia nyingine, kama uhamisho wa benki, na hiyo ndiyo huwa ngumu kuithibitisha. Ukiona mteja ana haki, ikubali chajibaki kwenye mfumo, basi.

Na akisema atakwenda benki kuifuta, mwombe barua au ujumbe wa benki unaothibitisha ameiondoa, uuambatanishe. Hata hivyo jibu kesi kabla ya tarehe ya mwisho. Kesi haijifungi yenyewe kwa sababu mnunuzi amebadili nia, na muuzaji aliyekaa kimya huhesabiwa amekubali.

Swali: Nimetuma ushahidi mara tatu kwa kesi tofauti na mara zote nimeshindwa. Naweka ankara, masharti ya biashara na mazungumzo na mteja. Kinachokosekana ni nini?

Yaelekea unajibu swali ambalo hukuulizwa. Kila chajibaki huja na msimbo wa sababu, na afisa anayeisoma hatafuti kama wewe ni mfanyabiashara mwaminifu. Anatafuta kitu kimoja kinachoufuta msimbo huo. Anaweza kuwa na dakika chache tu kwa faili lako.

Kwa Visa, misimbo inayoanza na 10 ni ya ulaghai, 11 ni ya idhini ya muamala, 12 ni makosa ya uchakataji, na 13 ni malalamiko ya mnunuzi. Mastercard hutumia misimbo mingine: 4837 ni mwenye kadi kusema hakuidhinisha, 4853 inabeba karibu malalamiko yote ya mnunuzi.

Chukua 13.1 ya Visa, bidhaa haikufika. Hapa ankara haina kazi; mnunuzi hakukataa kwamba alilipa. Inatakiwa nambari ya kufuatilia mzigo, tarehe ya kufika, na anwani iliyopokea ikilingana na ile aliyoiandika wakati wa kununua. Kwa bidhaa ya kidijitali, weka kumbukumbu za seva: saa ya kupakua au kuingia, anwani ya IP, akaunti iliyotumika. Kwa 13.3, bidhaa tofauti na maelezo, uthibitisho wa kufika hausaidii chochote, maana mnunuzi anakubali ilifika. Weka maelezo na picha za bidhaa kama zilivyokuwa siku ile ya ununuzi, si ukurasa wa leo uliokwisha kurekebishwa, na uonyeshe kama alijaribu kuirudisha au la. Kwa 13.2, usajili uliofutwa ukaendelea kutozwa, kinachoamua ni tarehe: je, aliomba kufuta kabla ya malipo hayo? Kumbukumbu za matumizi baada ya tarehe anayodai alifuta ndizo zenye nguvu. Kwa 12.6.1, kutozwa mara mbili, onyesha oda mbili tofauti zenye vitu tofauti, kila moja na nambari yake ya muamala. Kama huwezi, basi ulimtoza mara mbili kweli, kubali.

Misimbo ya ulaghai inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu nyingi kati ya hizo si wizi wa kadi. Mnunuzi amesahau, au mwanafamilia alitumia kadi, au jina linaloonekana kwenye taarifa yake ya benki si la duka alilolijua. Kwa msimbo 10.4 wa Visa, ulaghai pasipo kadi mkononi, tangu Aprili 2023 kuna kanuni inayompa muuzaji silaha ya maana. Ukionyesha miamala miwili ya awali ya kadi ileile, isiyopingwa, yenye umri kati ya siku 120 na 365, na taarifa angalau mbili zikilingana kati ya hiyo miwili na huu unaopingwa, dhima huhamia benki ya mnunuzi. Taarifa zenyewe ni anwani ya IP, utambulisho wa kifaa, akaunti ya mtumiaji na anwani ya kupelekea mzigo, na moja kati ya hizo mbili lazima iwe IP au kifaa. Ndiyo kusema, anayeifuta IP kwenye kumbukumbu zake baada ya siku 90 ameitupa silaha kabla ya vita. Hifadhi data hizo kwa zaidi ya mwaka, kwa kadiri sheria ya faragha inavyokuruhusu.

Kuhusu umbo la faili: anza na aya moja inayosema msimbo, ulichopeleka, tarehe, na ukurasa wenye uthibitisho. Panga kurasa kwa tarehe. Usiweke viungo vya tovuti, sauti wala video. Afisa wa benki havifungui. Masharti ya biashara usiyaambatanishe yote kurasa ishirini. Kata sehemu inayohusika, na uonyeshe jinsi mnunuzi alivyoikubali kabla ya kulipa. Mifumo mingi hukubali ushahidi mara moja tu, kwa hiyo usibonyeze tuma ukitarajia kuongeza kesho.

Siku nazo huwaponza watu. Kwa kanuni za Mastercard upande wa muuzaji una siku 45, American Express 20. Lakini hizo si zako zote. Kampuni ya malipo hujikatia nafasi ya kupitia na kupeleka, kwa hiyo wewe unaweza kubaki na siku 7 tu. Tarehe inayokuhusu ni ile iliyoandikwa kwenye kesi. Baada ya hapo tarajia kusubiri miezi miwili au zaidi.

Swali: Nilishinda, pesa ikarudi, kisha mwezi uliofuata ikakatwa tena. Kosa la mfumo?

Si lazima liwe kosa. Benki ya mnunuzi inaweza kukataa jibu lako na kuipeleka kesi hatua inayofuata, na mwisho kabisa mtandao wa kadi ndio unaoamua. Katika hatua hiyo ya mwisho anayeshindwa hubeba gharama za uamuzi, ambazo hufika mamia ya dola kwa kesi moja. Kampuni nyingi za malipo hazimpeleki muuzaji huko bila ridhaa yake, na muamala mdogo haustahili. Pesa iliyorudi baada ya ushindi wa kwanza iache itulie kabla ya kuitumia.

Swali: Salio langu limekuwa hasi. Sina mauzo mapya mwezi huu. Watanifuata wapi?

Kwa kawaida hufuata mpangilio huu: kwanza mauzo yajayo, kisha akiba ya dhamana kama ipo, kisha akaunti ya benki uliyoisajili, ikiwa mkataba na benki vinaruhusu kuvuta pesa. Pesa isipopatikana hapo, ni deni la kawaida na linaweza kudaiwa kama madeni mengine. Kufunga akaunti hakulifuti, na chajibaki za mauzo ya zamani zinaweza kuendelea kuingia miezi kadhaa baada ya kufunga.

Ndiyo sababu ya kuwepo akiba ya dhamana. Mfano unaotumika sana ni kuzuia asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo kwa siku 180, kisha kuachilia sehemu ya siku ya kwanza, kesho yake ya siku ya pili, na kuendelea. Siku 180 hazikuokotwa tu: ni zile 120 za kupinga pamoja na nafasi ya kesi kusafiri. Pesa hiyo ni yako, kwa hiyo kwenye vitabu iandike kama mali iliyozuiwa, isiwe gharama. Na mauzo yaandike kwa kiasi kamili cha 480,000, si 360,100 iliyofika benki. Chajibaki nayo ipewe akaunti yake, mbali na marejesho ya hiari. Ukivichanganya hutajua kama tatizo ni bidhaa mbovu au wanunuzi wanaokwepa kukuuliza.

Swali: Tumewasha uthibitisho wa ziada wa 3-D Secure, ule unaomtaka mnunuzi aweke msimbo wa benki yake. Bado tunapata chajibaki. Haufanyi kazi?

Unafanya kazi yake, ambayo ni finyu kuliko wauzaji wengi wanavyodhani. Benki ya mnunuzi ikimthibitisha, dhima ya ulaghai huhamia kwake. Malalamiko ya bidhaa kutofika, kuwa mbovu au usajili kutofutwa yanabaki kwako. Tazama misimbo. Kama ni ya 13, hakuna msimbo wa simu utakaoiponya.

Kama ni ya ulaghai, kagua mambo mawili. Je, muamala huo hasa ulipitia uthibitisho, au ulisamehewa kwa sababu ni mdogo na muuzaji ndiye aliyeomba msamaha? Ukiomba wewe, dhima hubaki kwako. Pili, je, ni malipo ya kujirudia? Mara nyingi uthibitisho hufanyika malipo ya kwanza tu.

Swali: Kampuni ya malipo imetuonya kwamba kiwango chetu cha chajibaki ni kikubwa. Lakini tumeshinda nusu ya kesi. Kwa nini hawazitoi?

Kwa sababu kinachohesabiwa ni kesi zilizofunguliwa, si ulizoshindwa. Mastercard humweka muuzaji kwenye uangalizi akifikisha chajibaki 100 kwa mwezi na uwiano wa asilimia 1.5; daraja la juu zaidi ni 300 na asilimia 3. Uwiano wenyewe una mtego: chajibaki za mwezi huu hugawanywa kwa miamala ya mwezi uliotangulia. Muuzaji wa msimu anayeuza miamala 10,000 mwezi mmoja na 2,000 mwezi unaofuata, kisha mwezi wa tatu akapata chajibaki 110 zilizotokana na ule mwezi wa kwanza, atasomeka asilimia 5.5 ingawa biashara yake haijaharibika.

Visa, tangu Aprili 2025, hujumlisha taarifa za ulaghai kutoka benki pamoja na chajibaki, hivyo tukio moja la ulaghai linaweza kuhesabiwa mara mbili.

Kinachopunguza hesabu ni kuzuia kesi isifunguliwe. Kuna huduma za tahadhari, Ethoca ya Mastercard na Verifi ya Visa, zinazokujulisha lalamiko kabla halijawa chajibaki ili urejeshe mwenyewe. Zinatozwa kwa kila tahadhari, na nyingine hurejesha zenyewe kwa kanuni ulizoziweka. Weka kikomo cha kiasi, la sivyo zitarudisha hata mauzo uliyokuwa na ushahidi kamili. Kabla ya kuzilipia, fanya jambo la bure: angalia jina linaloonekana kwenye taarifa ya benki ya mnunuzi. Nafasi ni ndogo, takribani herufi 22. Kama limejazwa jina la kampuni iliyosajiliwa ambalo hakuna mteja anayelijua, weka jina la duka.

Onyo hilo msilichukulie kirahisi. Muuzaji anayeachishwa kwa wingi wa chajibaki anaweza kuingizwa kwenye orodha ya Mastercard iitwayo MATCH, ambayo benki huikagua kabla ya kumkubali muuzaji mpya. Jina hukaa humo miaka 5.

Swali: Tunaendesha soko la mtandaoni. Muuzaji amekwisha kulipwa na kuondoka. Chajibaki imetukata sisi. Ni sawa?

Inategemea ni nani anayehesabiwa kuwa muuzaji kwenye muamala. Malipo yakifanyika moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji mdogo, chajibaki hukatwa kwake. Yakipita kwenye akaunti ya soko kisha yakagawiwa, hukatwa kwa soko, na kumfuata muuzaji ni kazi yenu. Mfumo hauifanyi wenyewe: lazima mbatilishe ule mgawo, na salio lake likiwa tupu, ubatilishaji hushindikana au humwacha kwenye salio hasi ambalo mwishowe mnalibeba ninyi. Wekeni kwenye mkataba haki ya kuzuia malipo ya muuzaji mpya mpaka mzigo uthibitishwe kufika, na mtumie tukio la kufunguliwa kwa kesi, si la kufungwa, kama ishara ya kubatilisha mgawo. Mkishinda, mrudishieni.

Swali: Niliuza kwa sarafu ya kigeni na nimekatwa zaidi ya nilichopokea, mbali na ada. Kwa nini?

Kiwango cha kubadilishia fedha. Chajibaki hubadilishwa kwa kiwango cha siku inapoingia, siyo cha siku ya mauzo. Ukishinda, pesa hurudi kwa kiwango cha siku hiyo nayo, kwa hiyo hata kesi uliyoshinda inaweza kuacha pengo au ziada ndogo. Iandike kwenye akaunti ya tofauti za fedha za kigeni, usiipeleleze kama wizi. Kama miamala ni mingi, fungua salio la sarafu hiyo kwa kampuni ya malipo, ikiwa wanaliruhusu, ili makato yafanyike humo bila kubadilishwa.